Mifuko Minane

Barua ilikuwa na mihuri miwili, eti mmoja haungetosha kumfukuza mtoto wa mtu shule. Amondi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, sweta ya shule bado imelowa, na mama yake, Jerusa, akaacha mwiko ndani ya ugali ili asikie vizuri.

"Kuanzia muhula wa pili shule itakuwa ya bweni pekee," Amondi akasoma. "Wanafunzi wote wa kutwa wataripoti na godoro, blanketi mbili na ndoo. Asiyeripoti atahesabiwa kuwa ameacha shule. Uamuzi huu ulipitishwa na wazazi mia moja sitini na wanne katika mkutano wa tarehe ishirini Februari."

"Wazazi gani?" Jerusa akauliza. "Hebu rudia hapo pa wazazi."

Amondi akarudia. Mia moja sitini na wanne.

"Yawa! Huo mkutano ulifanyiwa wapi, mbinguni? Mimi naishi hapa chini ya geti la shule. Mbuzi wa mwalimu akikohoa, nasikia. Watu mia moja sitini wapite hapa nisiwaone?"

"Mama, ugali unaungua."

"Wacha uungue!"

Mtu asiyemjua Jerusa angedhani ni ubishi tu wa mama wa soko. Haukuwa ubishi. Amondi alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao watu wa kliniki wanauita sikoseli. Baridi ikimwingia, damu inakwama mishipani, na mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka asipige kelele. Na baridi ya huku kwenye majani chai kila mtu anaijua. Nyumbani, Jerusa humpashia maji ya kuoga asubuhi, humfunga kiuno kwa leso, na usiku humwamsha anywe maji. Bwenini wasichana wanaoga saa kumi na nusu alfajiri, maji ya bomba, nje, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa. Kumpeleka Amondi kule ni kumpeleka wodini, na wodini si wote wanaorudi. Jerusa alishamzika kaka yake Amondi kwa ugonjwa huohuo. Hakuwa na mtoto mwingine wa kupeleka popote.

Basi angesema tu, si ndiyo? Angeenda kwa prinsipo na kadi ya kliniki na mambo yaishe. Lakini Amondi alimwapisha. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja aliyejiona mwenye huruma alitangaza gwarideni kwamba huyu mtoto asisukumwe, ana damu mbovu. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekaa naye dawati moja. Walimfuta jina, wakamwita Wodi. Alipofika sekondari, Amondi alimshika mama yake mikono miwili akamwambia, "Ukisema kule, siendi tena." Na Jerusa akaapa. Sasa yuko kidato cha tatu, wa pili darasani, wenzake wanadhani ni mvivu wa michezo tu.

Asubuhi iliyofuata Jerusa hakwenda kuchuma majani. Alienda ofisini.

Prinsipo, Madam Chepkosgei, hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Alimwuliza habari ya mumewe Ojwang, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani upande wa Sotik. Kisha akasikiliza malalamiko yote, na alipomaliza kusikiliza akafungua faili.

"Mama Amondi, mimi sikatai una uchungu. Lakini hii si sahihi yako?"

Jerusa akainama. Kwenye karatasi, mstari wa arobaini na moja, jina lake: Jerusa Ojwang, na ile jei yake yenye mkia mrefu ambayo hakuna mtu mwingine anaiandika vile. Ilikuwa yake. Hata kama angeapa kanisani, mkono ulikuwa wake.

"Ni yangu," akasema.

"Basi ulikuwepo. Na ulikubali."

Jamani, kuna hasira, halafu kuna kuonyeshwa mkono wako mwenyewe ukimfukuza mtoto wako. Jerusa akajitafuta kichwani. Labda alilewa usingizi? Labda kuna karatasi alitia sahihi getini akidhani ni ya wageni? Macho yake yakatembea kwenye mstari. Mwishoni, baada ya sahihi, kulikuwa na tarakimu. Nane.

"Hii nane ni ya nini?"

Madam Chepkosgei akaivuta karatasi kidogo upande wake. "Itakuwa idadi ya watoto."

"Mimi niko na mtoto mmoja hapa."

"Makosa ya karani, basi. Mama Amondi, kwa nini hasa hutaki alale shuleni? Wenzake watalala. Kuna nini?"

Neno lilifika ulimini. Jerusa akalimeza, likaenda chini kama mwiba. "Hakuna kitu," akasema, na kabla ya kuinuka akaangalia tena karatasi, mstari wa juu yake. Kipchirchir arap Ngeno. Kumi na mbili.

Alikuwa amefika nje ya bwalo la shule alipogutuka. Kipchirchir! Mzee Kipchirchir hana mke. Hana mtoto. Hana hata paka. Ana ekari zake za majani chai, redio, na kiburi. Na Jerusa alikumbuka alivyosimama nyuma ya mzee huyo kwenye foleni, hapohapo, kwenye mlango huu wa bwalo, wiki ileile ya Februari. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la kituo cha kununulia majani, mbolea ya wakulima ikashushwa shuleni. Kila mkulima alichukua mifuko yake na kutia sahihi. Jerusa alichukua ya Mzee Alexander, mwenye shamba analochuma, kwa sababu Alexander alikuwa na shughuli zake. Karani alimwambia anayechukua ndiye anayetia sahihi. Akatia.

Mifuko minane.

"Mbwa hawa!" akasema kwa sauti, na wasichana waliokuwa wakifagia uwanja wakageuka. Walichukua orodha ya mbolea, wakakata kichwa chake, wakaibandika nyuma ya kumbukumbu za mkutano. Kila mfuko wakaufanya mtoto.

Alimkuta Mzee Kipchirchir akipogoa, akamweleza huku bado anahema. Mzee aliweka panga chini polepole.

"Rudia."

"Umeandikwa una watoto kumi na wawili hapo shuleni, mzee. Na umekubali walale bweni."

"Kumi na wawili!" Mzee akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Mimi nimekaa miaka sabini na moja bila kuoa. Nimekataa wanawake watatu, tena wazuri. Leo shule inanipa watoto kumi na wawili na haijaniuliza hata mama yao ni nani?" Jerusa alitaka kucheka, akashindwa. Mzee hakuwa anacheka. "Jina langu ni la baba yangu. Halichezewi na watu wa kuvaa tai. Tunaenda Kericho, saa hii."

Wakaenda. Afisa wa elimu, Madam Mongina, mwanamke mfupi kutoka Kisii asiye na maneno mengi, aliwasikiliza wakiwa wamesimama. Alitoa nakala ya karatasi zilezile kutoka kwenye kabati lake, maana zilishaletwa kuombea idhini ya wizara, akazipekua. "Kumi na mbili. Tano. Tatu na nusu?" Akainua macho. "Nani ana watoto watatu na nusu?"

"Huyo aligawana mfuko na shemeji yake," Mzee Kipchirchir akasema.

Madam Mongina akafunga faili. "Ijumaa saa nne nitakuwa hapo shuleni. Waambieni wazazi wote waje. Wote."

Habari ikapanda na kushuka milima. Kufikia Jumatano ilikuwa imefika Kiptere, na Jumatano hiyohiyo Mzee Alexander akaja shambani, kofia yake safi kichwani. Alikuwa mwenye shamba na mwenyekiti wa bodi ya shule kwa pamoja, na alizoea kuongea na watu huku anaangalia kitu kingine. Aliangalia majani kwenye kikapu cha Jerusa.

"Unachuma mbaya leo. Majani matatu na bua, badala ya mawili na chipukizi. Kiwanda kitakataa."

"Kitakataa basi."

"Jerusa, sisi tumeishi vizuri. Umechuma hapa miaka tisa. Huyu msichana wako, mimi naongea na prinsipo, anabaki wa kutwa peke yake. Hakuna atakayejua. Lakini hiyo Ijumaa, wewe kaa nyumbani."

Jerusa akasimama wima, kikapu mgongoni. Kwa muda, sitaki kudanganya, alikubali moyoni. Amondi angesalimika. Kiapo kingebaki kiapo. Ni nani angemlaumu? Halafu akakumbuka wale wengine, karibu watoto mia moja wanaoshuka ile barabara kila jioni, wengine wanaenda kukamua ng'ombe, mmoja anaenda kumlisha nyanya yake asiyeona. Wao nani atawapigia prinsipo simu?

"Ile mifuko minane iko wapi, mzee?"

"Mifuko gani?"

"Ya mbolea. Ile nilikutilia sahihi. Si iko hapa chini ya miguu yetu? Uliona jina langu kwenye hiyo karatasi. Ulijua ni mbolea yako. Wewe wa kwanza ulijua!"

Alexander akamwangalia sasa, usoni. "Nyinyi Wajaluo wa ziwani," akasema, "mkipewa kiti mnataka kitanda." Akaondoka. Wanawake wawili waliokuwa wakichuma mistari ya chini waliendelea kuchuma wakijifanya hawakusikia.

Ijumaa bwalo lilijaa mpaka madirishani. Wengine walikuja na buti za shambani, wengine na nguo za kanisa. Wasichana wa kidato cha tatu walipewa kazi ya kupanga viti na kugawa maji, Amondi akiwa mmoja wao, na Jerusa alipomwona nyuma ya ukumbi alimkonyeza asiogope. Amondi hakumkonyeza.

Madam Mongina hakupoteza muda na maombi marefu. Akainua orodha. "Nikikusoma, simama, uniambie una watoto wangapi hapa shuleni. Basi."

"Elmina Rotich, wanne."

"Mmoja. Na alimaliza mwaka jana."

"Obonyo, watatu na nusu."

Kicheko kikaanza. Obonyo akasimama na shemeji yake ubavuni, wakaangaliana, kicheko kikazidi.

"Kipchirchir arap Ngeno, kumi na wawili."

Mzee akasimama na fimbo yake. "Waleteni hapa niwaone! Kama wanafanana na mimi, nitawachukua niende nao nyumbani leo!"

Bwalo likapasuka. Watu walipiga mapaja, walifuta machozi, hata askari wa getini alishika ukuta. Madam Chepkosgei alikuwa amekaa mezani mbele, mikono juu ya magoti, uso mkavu. Kicheko kilipokaribia kwisha kikaanza upya upande wa kina mama, na ndipo Jerusa akasimama bila kuitwa.

"Mnacheka nini?" akasema. "Nauliza, mnacheka nini? Watoto mia moja wamefukuzwa shule kwa karatasi ya mbolea na nyinyi mnacheka! Mimi nilionyeshwa jina langu nikadhani nimekuwa kichaa. Nilitoka ofisini nikijiuliza ni lini nilimuuza mtoto wangu. Hii ni kichekesho?"



Madam Chepkosgei akainuka, na kwa heshima yake niseme hakujificha. Mkutano uliitwa kweli, akasema. Walikuja watu tisa. Lori la majani lilikuwa halijapita siku mbili, kila mtu alikuwa kituoni akilinda majani yake yasiharibike. Wizara ilitaka karatasi Jumatatu. "Shule za bweni ndizo zinapewa walimu, ndizo zinapewa maabara. Tulijua tu wazazi wangekubali."

"Mlijua!" Jerusa akasema. "Si mngeuliza?"

"Sasa waulizwe," akasema Alexander, na kusimama kwake kulikuwa kwa mtu aliyengojea nafasi. "Makosa yametokea, tumekubali. Lakini wazazi si hawa? Tupige kura sasa hivi. Nani hataki mtoto wake asome usiku na taa, badala ya kuranda sokoni? Nani hataki shule yetu iwe na jina?" Vichwa vikaanza kuinama kwa kukubali, vingi, na Jerusa aliviona. Aliona hata vya wenye watoto wa kutwa. "Wazazi wote wako sawa isipokuwa huyu mama mmoja. Kwa nini? Bweni halina simba. Mwambie atueleze, mbele ya afisa. Anaficha nini nyumbani kwake ambacho mtoto hawezi kuacha?"

Watu wakamgeukia Jerusa. Kuna aliyenong'ona kitu kuhusu pombe. Mwingine akasema labda msichana ameshaposwa kule ziwani. Jerusa akafungua mdomo. Kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya mkoba wake, alikuwa ameibeba bila kujua kwa nini, na sasa alijua. Akaangalia nyuma ya ukumbi. Amondi alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana.

Jerusa akafunga mdomo.

"Mnaona?" Alexander akasema.

"Mimi ndiye anayefichwa!"

Jagi la maji liliwekwa mezani kwa kishindo. Amondi alipita katikati ya viti kwa hasira, akaja mbele. "Niko na sikoseli. Mnajua ni nini? Nikilala kwa ile baridi yenu naweza kufa. Kaka yangu alikufa. Mama yangu hapiki pombe, na mimi sijaposwa. Nilimwambia asiseme kwa sababu najua nyinyi. Sasa mmejua. Haya, pigeni hiyo kura."

Madam Mongina akauliza wanaotaka wa kutwa waendelee wainue mikono. Akahesabu mara mbili. Akauliza wanaotaka bweni pekee. Wa kutwa wakashinda kwa kura ishirini na tatu, na mikono mingi iliyoinuka, Jerusa alijua, iliinuka kwa sababu ya aibu.

Nje, Alexander akamfuata Jerusa, kofia mkononi. "Pole, mama. Sasa ungetuambia mapema, haya yote yangekuwa ya nini? Sisi si wanyama."

Jerusa akamgeukia. "Ningewaambia nini? Mpaka mjue mtoto wangu anaumwa wapi ndiyo muache uongo? Na kama angekuwa mzima, ile mbolea ingekuwa mkutano?" Akamnyooshea kidole. "Mmemvua nguo mtoto wa watu mbele ya kijiji kizima, ndiyo mkakubali kitu kilichokuwa haki yake. Jumatatu tafuta mwingine wa kukuchumia."

Akamtafuta Amondi. Alimkuta kwenye ngazi za darasa, wasichana wanne wamemzunguka. Mmoja alikuwa amemvika sweta yake mwenyewe, mwingine alikuwa akimwambia asikae kwenye simiti, ni baridi, na wa tatu alisogea kidogo kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko inavyohitajika. Amondi akaona mama yake. Akaivua ile sweta, akamrudishia mwenyewe bila neno.

"Imeanza," akamwambia mama yake. "Unaona? Imeanza."

"Nyathina, mwanangu, sikusema. Mimi sikusema."

"Najua. Nenda nyumbani, mama. Niko na hesabu saa hii."

Akachukua kitabu akaingia darasani, akakaa dawati la mbele, na yule aliyekuwa akikaa naye siku zote akasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia. Jerusa akabaki pale uwanjani, amekunja ngumi, na hasira aliyokuwa nayo hakujua tena ampe nani.